Kilima kimeungua: usichimbe mashimo bado

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina eneo la ekari 4 huku Kayenze, kilima cha mawe kinachoshuka hadi karibu na ziwa. Juu hatulimi; tunaokota kuni, tunachuma ukwaju na kukata nyasi za mbuzi. Mwisho wa Agosti moto ulipanda kutoka chini ukala kilima chote, sasa kila kitu ni cheusi. Wanangu wanataka tukate miti iliyoungua tuchome mkaa, kisha tuchimbe mashimo tupande mikaratusi mvua zikianza. Mimi roho inaniuma kuona miti ya zamani inaondoka. Je, itarudi yenyewe? Na nifanye nini kabla ya mvua? (Mama wa Kayenze, Ilemela)

Jibu: Shikamoo mama, na pole sana kwa moto. Ndiyo, sehemu kubwa ya miti yako itarudi, na itarudi kwa mizizi kuliko kwa mbegu. Shina uliloliona likiungua ni la juu tu; chini yake kuna mzizi ambao mara nyingi ni mkongwe kuliko shina lenyewe. Kwa hiyo waombe vijana waweke chini shoka na sururu hadi vuli ipite. Mche wa kitaluni ukipandwa Novemba una mzizi wa kama sentimita 20. Chipukizi la mlama linalotoka kwenye kisiki linanywa kwa mzizi uliokwisha kupenya nyufa za jabali miaka mingi iliyopita. Juu ya kilima ambacho udongo wake pengine ni kina cha kiganja, mzizi huo ndio unaovusha mti kiangazi cha Juni hadi Septemba.

Anza kwa kusoma majivu. Moto wa nyasi hupita upesi, mahali pamoja haukai zaidi ya dakika chache, na udongo haupitishi joto kirahisi. Sentimita 5 tu kwenda chini, mbegu na mizizi kwa kawaida huwa salama. Hapo utakuta masizi meusi na mabua yaliyokatika, na ukifukua kidogo udongo una rangi yake ya siku zote. Lakini pale gogo lilipolala likateketea usiku kucha, majivu ni meupe kama unga na udongo chini yake umekuwa mwekundu kama tofali. Hapo mbegu zimekufa na mizizi ya juu imeungua. Tembea eneo lote uchomeke vijiti kuzunguka madoa hayo meupe. Mara nyingi huwa machache, na ndiyo pekee ambayo unaweza kuyapangia kupanda tangu sasa.

Kisha pima miti mmoja mmoja. Chukua kisu kikali, kwangua gome kiasi cha ukucha wa kidole gumba, ukianzia kwenye tawi na kushuka hadi kwenye shingo ya mzizi, pale shina linapoingia ardhini. Ukiona ngozi yenye unyevu, ya kijani au rangi ya maziwa, hapo pako hai. Ukiona kahawia kavu, shuka zaidi. Kwangua pande zote mbili za shina. Moto hukaa muda mrefu na kupanda juu zaidi upande ulioupa upepo kisogo, kwa hiyo mti unaweza kuwa umekufa upande wa mlimani ukawa mzima upande wa ziwani. Wengi hupima upande mmoja, wakahukumu mti umekufa, wakaukata. Na hata ukikuta kahawia hadi chini, usihukumu bado. Mizizi haikwanguliwi, na mingine huchelewa kuchipua hadi wiki 6 au 8 baada ya mvua kushika.

Baadhi ya miti haitasubiri hata mvua. Miti ya nyanda zetu hufungua majani mwishoni mwa kiangazi kwa kutumia akiba iliyo mizizini, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba unaweza kuona vidole vyekundu au vya kijani hafifu vikitoka kwenye kisiki cheusi. Usivikanyage, na usivishangilie kwa kuvimwagia maji.

Sasa kila mti una namna yake. Mlama una gome nene lenye magamba, na huo ndio utakaokupa moyo kwanza: huchipua juu kwenye matawi na chini kwenye kisiki kwa wakati mmoja. Mtopetope huungua wote juu ya ardhi, halafu hutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi inayotambaa, hata hatua kadhaa mbali na shina mama. Mkole hurudi kama kichaka chenye fimbo nyingi nyembamba. Mkulagembe hurudi kwa nguvu kuliko yote, na mizizi yake ikijeruhiwa kwa jembe huzidi kuchipua. Ukiwalimisha vijana eneo lenye mkulagembe wakidhani wanausafisha, baada ya mwaka mtakuwa na msitu wa miiba usiopitika. Mkwaju mkubwa husalimika kwa unene wa gome. Mdogo wa chini ya kimo cha mtu huungua hadi chini, na si yote inayorudi.

Migunga inahitaji maelezo zaidi. Ile michanga huchipua kisikini, lakini kilima chako pia kina mbegu zake udongoni, zenye ganda gumu lisiloruhusu maji kuingia. Joto la moto hupasua ganda hilo, na mvua ya kwanza nzuri hufanya mbegu zilizolala miaka iote pamoja. Kuna na moshi wenyewe: mwaka 2004 watafiti wa Australia na wa Afrika Kusini walitambua kemikali iliyomo kwenye moshi wa mimea inayoamsha mbegu za mimea mingi. Ndiyo maana baada ya moto huota vitu ambavyo hujaviona hapo kwa muda mrefu. Usivichukulie vyote kuwa magugu.

Mimea ya kwenye mawe ni habari nyingine, na hapa ndipo nina wasiwasi nawe kidogo. Ule mti wa utomvu mweupe wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa hauna gome la kuukinga. Ukiiva shina umekufa, na hurudi kwa mbegu tu, polepole. Iliyosalimika ni ile iliyokuwa juu ya mwamba mtupu ambako nyasi hazikufika, basi ilinde hiyo kwa wivu, maana ndiyo itakayozaa mingine. Iliyokufa usiikate bila kukinga macho: utomvu wake unaweza kupofusha. Mshubiri pori upime kwa kubonyeza moyo wake katikati ya majani. Ukiwa mgumu utapona hata kama majani ya nje yamekauka. Ukiwa laini na unanuka, umeoza. Mkonge pori una shina linalotambaa chini ya udongo, huo utarudi. Mitini ya mawe, ile iliyokumbatia majabali kwa mizizi kama kamba, ina gome jembamba, lakini mizizi iliyojificha ndani ya ufa haikuguswa. Ipe hadi mwisho wa masika kabla ya kuikatia tamaa. Na mvua za kwanza zikinyesha, tazama kati ya mawe: kuna kitunguu pori kinachotoa ua jekundu la duara kama mpira kabla hata ya majani. Kikitokea, ujue moto hapo haukwenda chini. Waambie wajukuu wasikichezee, kina sumu.

Kazi ya kabla ya mvua ni moja tu kubwa: kushika udongo. Majivu yana chokaa na potashi, ni mbolea, lakini hayana kinachoyashika. Mvua moja kali ya Oktoba kwenye kilima kitupu inayapeleka yote ziwani, pamoja na udongo wa juu na mbegu zake, na huko yanarutubisha magugu maji. Tumia matawi yaliyoungua yakaanguka yenyewe: yalaze kukingama na mteremko, yagusane na udongo, uyabanie mawe madogo upande wa chini. Tawi lililoinuka juu ya ardhi halizuii kitu, maji hupita chini yake.

Kwenye mteremko ambao maji yanapenda kupita, weka mistari ya mawe kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Usikisie kwa macho, kilima hudanganya. Tengeneza fremu A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mti wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Tembea nayo mguu kwa mguu ukichomeka vijiti. Chimba mfereji mdogo wa sentimita 10, panga mawe makubwa kwanza, madogo yajaze mianya, kimo kisizidi sentimita 30. Acha mita 10 kati ya mstari na mstari penye mteremko wa wastani, mita 5 penye mkali. Kosa linaloharibu kazi hii ni mstari ulioinama upande mmoja: maji yote hukusanyika kwenye ncha ya chini na kuchimba korongo. Tumia mawe yaliyolala huru tu. Jiwe lililozama usiling'oe, maana kivuli na unyevu wa ubavu wake ndio kitanda cha miche. Na tazama majabali yaliyokuwa yameshikiliwa na mizizi iliyoungua, hasa juu ya nyumba au njia. Mizizi ikioza na udongo ukilowa, jiwe linaweza kuteremka. Hapo mtu asifanye kazi chini yake.

Kuhusu mkaa, jibu langu ni hapana kwa mwaka huu. Shina lililosimama limekufa upande mmoja huenda liko hai upande wa pili. Lililokufa kabisa bado linatoa kivuli, na ndege hutua juu yake; mbegu za mitini na matunda mengi ya porini hufika kwa kinyesi cha ndege, zikaangukia hapo chini. Tanuri la mkaa nalo huacha doa jekundu la udongo uliokufa, kubwa kuliko la gogo lolote. Kateni tu tawi linaloning'inia juu ya njia.

Mbuzi ndio watakaoamua kama ushauri huu utafaa. Chipukizi likiliwa mara moja hurudi, likiliwa tena na tena katika msimu mmoja mzizi unaweza kumaliza akiba na mti ukafa bila kelele, wiki nyingi baada ya moto, na watu husema ulikufa kwa moto. Fungia eneo vuli yote na masika yote. Ukiweza, fungia misimu ya mvua ya miaka miwili. Nyasi zikirefuka, kata upeleke zizini. Wasukuma mnalijua jambo hili kwa jina la ngitili: malisho yanafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapobana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliutegemea utaratibu huo, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili, kwa sehemu kubwa kwa kufunga eneo na kuacha mizizi ifanye kazi yake. Zungumza na majirani na mwenyekiti wa mtaa kabla mvua hazijaanza, kwa sababu ng'ombe wa jirani hawajui mpaka. Pimbi nao watashuka kutoka mawe kutafuta majani mabichi. Matawi ya miiba juu ya kisiki yanatosha kuwazuia.

Mvua zikishika, kazi inayofuata ni mvuti, ambao wengi huuita lantana. Moto hauuui. Hurudi upesi kuliko miti ya asili, hufunika ardhi, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Ukifyeka kwa panga unauzidishia machipukizi. Ngoja udongo ulowe, chimba kwa sururu ukate sentimita 10 chini ya shingo ya mzizi, ugeuze kisiki mizizi itazame jua. Miche midogo ing'oe kwa mkono kabla haijatoa maua, na urudie kila baada ya wiki 3 au 4 hadi masika yaishe. Mlusina, mti wa kigeni unaoenea upesi, ukiuona, fanya hivyohivyo, maana mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi.

Machipukizi yatakuwa mengi, kisiki kimoja kinaweza kutoa hata 20. Hapa ndipo utumie njia ya kisiki hai, yaani kuchagua na kutunza machipukizi ya kisiki badala ya kupanda, lakini usiharakishe. Yaache yote hadi marefu yafike mita 1 hivi, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayolipa deni la mzizi. Kisha chagua 4 au 5 yaliyonyooka na yaliyotokea chini kabisa, karibu na udongo. Chipukizi lililotokea juu kwenye shina lililoungua limeshikwa na gome tu. Mti ukioza ndani, upepo hulibandua. Mlama wenye taji zima unaochipua kwenye matawi uache kama ulivyo. Kwa yale uliyochagua, punguza vijitawi vya theluthi ya chini, ukate kwa kisu kikali kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi ili kila mtu wa nyumbani ajue mti huo una mwenyewe. Majani uliyokata yafunike shina. Kiangazi kinachofuata punguza tena, ubakize 2, au 1 ukitaka mti wa kimo. Ukikata 18 siku moja ukabakiza 2, mzizi mkubwa unabaki na mdomo mdogo, nayo mara nyingi hunyauka kiangazi kile kile.

Vuli yetu hukatika. Januari na Februari kukiwa kukavu, machipukizi yatapukutisha majani. Kwangua, ukiona kijani, acha.

Mwishoni mwa Januari ndipo uhesabu. Chukua kamba, pima miraba ya mita 5 kwa 5, 10 katika kila ekari, ukiitawanya juu, katikati na chini. Hesabu mimea yote ya miti iliyo hai, machipukizi na miche, kila kisiki ukikihesabu kama mmoja. Ekari ina kama miraba 160 ya ukubwa huo, kwa hiyo wastani wa 2 kwa mraba ni zaidi ya miti 300 kwa ekari, ambayo inakitosheleza kilima cha mawe. Usipande kitu hapo. Panda pale tu miraba inapofuatana bila kitu, na kwenye yale madoa meupe.

Kwa ajili ya hayo, tayarisha kitalu kidogo cha viriba 100 katikati ya Novemba ili miche iwe na miezi 4 masika yakianza Machi. Mkwaju usiutafute mbali: ni zile mbegu unazotupa ukitengeneza juisi, mradi ukwaju haukuchemshwa. Za mgunga kusanya kwenye miti 10 au zaidi ya vilima jirani, si mti mmoja, ili miche isiwe ndugu watupu. Tupa kila mbegu yenye tundu la mviringo, mdudu amekwisha kula kiini. Chemsha maji, ipua, ngoja dakika chache, tumbukiza mbegu. Maji yawe mara 10 ya ujazo wake, ziache zipoe humo saa 24. Zilizovimba panda kina cha mara mbili ya unene wake, ambazo hazikuvimba rudia. Usizichemshe jikoni, zitaiva. Mitini huoteshwa kwa vipandikizi: tawi la mita 1, nene kama kifundo cha mkono, likae kivulini siku 2 utomvu ukauke, kisha lichimbiwe mvua zikianza. Miche ipandwe udongo ukiwa umelowa sentimita 30 kwenda chini, upande wa juu wa mstari wa mawe ambako udongo na maji hukusanyika.

Mikaratusi ikae mbali na kilima hiki. Hunywa maji mengi, chini yake nyasi na miche ya asili hudhoofika, na majani yake yenye mafuta huwaka vibaya, nayo yenyewe huchipua tena baada ya moto, kwa hiyo moto wa pili unaiacha yenyewe na kuua vingine. Vijana wakihitaji nguzo, watafute kipande tambarare mbali na maji.

Sehemu ya chini iache kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete na mafunjo yaliyoungua yana mizizi minene ndani ya tope, yatakuwa yamerudi ndani ya wiki chache, na ndiyo chujio la mwisho la udongo utakaokuponyoka huko juu.

Hatari kubwa iliyobaki ni moto wa pili. Kivuli cha miti kikiondoka, nyasi hunenepa, na Julai hadi Septemba ya mwakani kilima kitakuwa na kuni nyingi kuliko mwaka huu. Chipukizi lililo chini ya mita 3 hivi huwa kichwa chake kimo ndani ya miali ya nyasi. Likiungua kila mwaka linabaki kichaka milele, halipati nafasi ya kuinua taji juu ya moto. Unalitafutia miaka 4 au 5 bila moto. Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, fyeka ukanda wa upana wa mita 5 hadi 10 na uondoe nyasi zote zilizofyekwa. Penye mteremko mkali usikwangue hadi udongo, fyeka fupi tu, la sivyo umechimba korongo. Ukanda mkuu uwe upande wa chini, kwa sababu moto hupanda mlima kwa kasi na mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu; wako ulipanda vivyo hivyo. Usiku upepo hugeuka, basi weka na ukanda wa juu, penye njia ya warina asali na wachoma mkaa. Jirani akitaka kuchoma shamba, apate kwanza kibali kwa ofisa misitu na awaambie siku yenyewe, alfajiri, si saa 8 mchana. Moto ukitoroka, namba ya Zimamoto ni 114. Piga kabla hamjaanza kuuzima wenyewe, na mtu yeyote asisimame upande wa juu wa moto unaopanda.